Mrashi uliogeuka shaba: kisa cha picha za vyombo vya fedha vya urithi

Picha iliyozua maneno ilipigwa kwa simu, sebuleni, juu ya kanga. Aliyepiga ni mjukuu wa marehemu, kijana wa chuo, na nia yake ilikuwa njema. Mjomba wake aliyeko Muscat, Oman, aliomba kuviona vyombo vya fedha alivyoacha bibi kabla havijagawanywa. Kijana akatandika kanga, akapanga vyombo, akapiga, akatuma. Jibu lilirudi kabla ya magharibi: ujumbe wa sauti wa dakika mbili, na katikati yake maneno yaliyomnyima mama yake usingizi. "Mrashi huu si wa mama. Ule ulikuwa fedha, huu ni shaba." Mrashi ni chombo cha kunyunyizia marashi.

Mama wa kijana, nitamwita Bi Mkubwa kama nilivyomwita siku zote za kazi, ndiye aliyekaa na sanduku hilo Mji wa Kale, Mombasa, tangu mama yao alipofariki. Warithi ni watatu: yeye, dada yake wa Unguja, na huyo kaka wa Muscat. Mafungu ni manne, kaka mawili, kila dada moja. Hesabu hiyo haina utata. Utata ni kwamba mrashi haukatwi robo, kwa hiyo ilibidi kila kitu kijulikane ni nini, kina uzito gani na kiko katika hali gani, ndipo waelewane nani achukue kipi na nani amfidie mwenzake. Na sasa kabla ya hesabu yoyote, mtunza sanduku amekwisha kushukiwa.

Mimi hupiga picha za bidhaa: viatu, mikoba, sahani za hoteli. Vyombo vya fedha vya zamani nilikuwa nimepiga mara mbili tatu tu, na vibaya. Nilimwambia Bi Mkubwa hivyo hivyo. Akasema, "Mwanangu, wewe njoo utizame, ukishindwa utaniambia."

Nilichofanya kwanza ni kukaa pale pale kijana alipokaa. Dirisha la sebule linaangalia uchochoro usiozidi hatua tatu kwa upana, na nyumba ya upande wa pili imepakwa rangi ya manjano kama kiini cha yai. Jua la saa tisa lilikuwa linaupiga ukuta ule, na ukuta ndio uliokuwa ukiimulika sebule. Ile tuliyoidhani nuru ya mchana ilikuwa imepita kwenye rangi ya jirani kwanza. Chini ya vyombo, kanga nyekundu.

Fedha hurudisha takriban asilimia 95 ya nuru inayoonekana, na hakuna metali nyingine inayoishinda kwa hilo. Ndiyo sababu mtu akiinama juu ya sinia la fedha hujiona yeye asilione sinia. Ukiizungushia ukuta wa manjano inakuwa manjano, ukiilaza juu ya kanga nyekundu inapata wekundu tumboni, na manjano ikikutana na wekundu juu ya chombo kimoja, mtu aliyeko Muscat akitazama kwenye simu ataona shaba na atakuwa na haki ya kuona shaba.

Sikutaka kumweleza Bi Mkubwa kwa maneno. Nilisimamisha karatasi nyeupe kubwa kati ya mrashi na dirisha, manjano yakatoka. Nikaivuta kanga taratibu, wekundu ukatoka nao. Akautazama mrashi kwa muda, halafu akaitazama kanga mkononi mwangu. "Kumbe hii ndiyo iliyonichongea."

Tulikubaliana masharti kabla sijarudi na vifaa. Kila kitu kitapimwa uzito kwa mizani ya sonara mbele ya mtu wa tatu. Kila kitu kitapigwa picha moja ikiwa na rula na kadi ya kijivu kando yake, ili rangi na ukubwa visibishaniwe. Hakuna kusafisha, na hakuna kufuta kasoro kwenye kompyuta. Sharti la kusafisha ndilo lililonigharimu maneno mengi zaidi, maana nyumba nzima iliona aibu kupeleka Muscat picha za vyombo vyeusi. Binti mmoja alikuwa ameona kwenye simu njia ya karatasi ya alumini, maji ya moto na magadi. Ni kweli inafanya kazi. Weusi ule ni salfa iliyoungana na fedha, na kwenye maji yale salfa huiacha fedha ikaenda kwenye alumini. Tatizo ni kwamba haichagui. Inaondoa weusi wa juu na weusi wa ndani ya michoro pamoja, na ule wa ndani ndio unaofanya ua lionekane ua. Fundi aliyechonga alijua utakaa mle. Ukiutoa unabaki na chombo cheupe kilichopauka, mfano wa kitu kilichochemshwa, na haurudi kesho.

Niliporudi asubuhi ya pili nilikuta nimechelewa. Furungu (bangili ya mguuni) moja kati ya mawili lilikuwa limesuguliwa usiku kwa ndimu na majivu. Lilimetameta vibaya sana. Mwenzake alikuwa bado na rangi yake ya moshi, na mstari mweusi mwembamba ukimzunguka pale mpira wa kufungia karatasi ulipokuwa umemshika kwa miaka. Mpira una salfa, nao huacha alama hata kukiwa na karatasi kati yake na fedha. Sikusema neno. Niliyapima: gramu 214 na gramu 212. Mapacha walewale. Nikayapiga pamoja kwenye fremu moja, na chini nikaandika lipi limesuguliwa na lini, kwa sababu nilijua swali litakalotoka Muscat kabla halijatoka.

Sasa kupiga picha kwenyewe. Vipande vilikuwa 11: mrashi, chetezo (chombo cha kufukizia udi), jozi ya mafurungu, jozi ya kekee (bangili za mkononi), kidani chenye kasha la hirizi, mkufu wenye riale (sarafu ya zamani ya fedha), kijaluba cha tambuu, kidau cha wanja na birika la chai. Nilianza na mrashi kwa kuwa ndio uliokuwa mahakamani.

Nilifunga madirisha ya uchochoroni, nikabaki na taa zangu mbili. Kisha nikajenga hema dogo la bafta juu ya meza, taa zikiwa nje, nuru ikipita kwenye kitambaa. Bi Mkubwa alipoiona ile bafta akasimama mlangoni. "Hiyo ya sanda hiyo. Unamzika nani?" Nilicheka, yeye hakucheka, na kusema kweli tangu siku ile nimenunua kitambaa kingine cha kazi hii.

Hema lilifanya lile linalofanya kila mara. Manjano hakuna, wekundu hakuna, dirisha halionekani, mimi mwenyewe nimepotea. Na mrashi nao umepotea. Ulikuwa mweupe juu ya weupe, shingo haijulikani inapoishia, tumbo bapa, utadhani umetengenezwa kwa plasta. Kamera nayo, ikiona weupe mtupu, hudhani nuru imezidi na kuufanya kila kitu kijivu. Nikaongeza nuru hatua moja na theluthi, rangi ikakaa sawa, lakini umbo likabaki limekufa. Hapa nilipoteza zaidi ya saa nzima. Nilisogeza taa mbele, nyuma, juu. Nilijaribu ile lenzi ya kuchuja mng'ao ambayo hufanya maajabu kwenye maji na vioo vya magari. Kwenye metali tupu haina la kufanya, kwani mng'ao wa metali hautoki kwa namna ile inayoweza kuchujwa. Ukizichuja na taa zenyewe pia, fedha inageuka jivu jeusi. Nilikumbuka hata ushauri wa wapiga picha wa matangazo: weka chombo kwenye friji, ukitoe, umande utauficha mng'ao. Kwa chupa ya soda, sawa. Kwa chombo cha mchanganyiko wa fedha na shaba chenye viungio vya zamani, katika hewa ya chumvi ya Mombasa, kukilowesha ni kukitafutia ugonjwa. Nikaacha.

Aliyeutatua mkwamo ni Bi Mkubwa, bila kujua. Alikuwa amevaa buibui anajiandaa kutoka. Akapita kushoto kwa meza, akainama kuangalia ndani ya hema kupitia upenyo, na kwenye skrini ya kamera ukatokea mstari mweusi mwembamba ukishuka pembezoni mwa mrashi kuanzia shingoni hadi kwenye kitako. Ghafla upande ule ukawa na mwisho. Mrashi ukavimba, ukawa mviringo. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, tafadhali usiondoke hapo." Akadhani amevunja kitu.

Nilikuwa najitahidi kuondoa kila kitu kisionekane kwenye fedha, wakati jicho linahitaji fedha iakisi kitu ndipo lijue umbo lake. Kinachotakiwa ni kuchagua iakisi nini, wapi, kwa upana gani. Nikakata manila nyeusi vipande vya upana wa vidole viwili, nikavisimamisha ndani ya hema kulia na kushoto, nje kidogo tu ya fremu, nikavisogeza mpaka mistari ikakaa pembeni kabisa. Chombo chenye tumbo pana kinataka mstari mwembamba, chombo bapa kama kijaluba kinataka kadi moja pana iliyoinamishwa juu yake ili nusu ya kifuniko iwe na kivuli na michoro isimame. Chetezo, kwa kuwa kina matundu, kilitaka karatasi nyeusi ndani yake. Bila hiyo weupe wa nyuma ulipenya kwenye matundu na nakshi ikavurugika.

Kilibaki kidoa. Kwenye tumbo la mrashi, katikati kabisa, palikuwa na nukta nyeusi: tundu la hema, na ndani ya tundu lenzi yangu. Kitu cha mviringo kinaona chumba kizima, huwezi kujificha. Unachoweza ni kurudi nyuma. Nilibadilisha nikaweka lenzi ya milimita 100, nikaipeleka tripodi mita mbili nyuma, tundu nikalibana likabaki la kutosha lenzi tu, na nukta ikapungua ikawa kama punje ya pilipili manga. Kisha nikauzungusha mrashi mpaka punje ikaangukia penye maua, ikamezwa na nakshi. Usikivu wa nuru ISO 100, mwanya wa lenzi f/11, nusu sekunde, kamera ikijipiga yenyewe baada ya sekunde mbili ili mkono wangu usiitikise. Kwa picha ya duka ningeifuta punje ile kwa dakika moja. Hapa niliiacha. Mtu anayeshuku akigundua umefuta nukta moja ataamini umefuta na nyingine.

Shauri hilohilo lilinipa mtihani mwingine. Mrashi ule una bonyeo chini ya bega, la ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Mazoea ya kazi yangu ni kugeuza upande mbovu ukutani. Nilipiga upande mzuri kwanza, kwa mazoea. Halafu nikaugeuza nikalipiga bonyeo peke yake. Mstari mweusi wa manila, uliokuwa umenyooka kila mahali, ulipofika pale ulijikunja kama kijito kinachokwepa jiwe. Kwa nuru ya kawaida bonyeo lile hulioni isipokuwa ulipapase.

Kwa kuwa nilivaa kanzu siku ya pili (ilikuwa Ijumaa), niligundua jambo dogo: kanzu nyeupe ni ukuta wa nuru unaotembea. Nikisogea kulia, upande wa kulia unakuwa mweupe. Ni msaada ukiujua, na ni balaa usipoujua, maana picha mbili za kitu kimoja hazifanani na huelewi kwa nini. Na mikono: glavu za pamba huteleza, glavu za kawaida za mpira zina salfa, kwa hiyo nilitumia zile za bluu za nitrili. Jasho la vidole huandika kwenye fedha, na maandishi yake huonekana baada ya wiki kadhaa, wakati mpiga picha amekwisha lipwa.

Kasha la hirizi, la kazi ya Kiomani, lilikuwa na mabaka ya njano kwenye kingo. Binti wa magadi alisema hiyo ndiyo shaba yenyewe inachungulia, tuisugue ijulikane. Nikapiga picha ya karibu sana, nikaikuza kwenye kompyuta. Mabaka yalikuwa juu ya fedha, si chini yake, na kingo zake zimechanika mithili ya karatasi iliyobanduka. Na shaba isingebaki njano miaka yote hiyo kwenye hewa hii ya bahari, ingekuwa kahawia au kijani. Sonara alikuja na kioo chake cha kukuzia, akatazama, akasema ni jani la dhahabu lililokuwa limebandikwa kwa pambo, na nyingi yake imekwisha futwa na watu waliokuwa wakisafisha. Binti alitoka chumbani.

Riale ilikuwa na mabishano yake. Ina kichwa cha Maria Theresa, mtawala wa Austria, na mwaka 1780, na kwa hiyo familia yote iliamini kuwa mkufu una umri huo. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, na sarafu yake ilipendwa mno na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Oman, Uhabeshi na pwani yetu hata ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule mpaka karne ya 20, Vienna na baadaye hata Roma, London, Paris na Bombay. Mwaka ulioandikwa hausemi lolote kuhusu umri. Kinachoweza kusaidia ni vijambo vidogo vya chapa: manyoya ya tai, herufi S.F. chini ya kifua, maneno ya Kilatini ukingoni. Kwa hiyo ilibidi vionekane. Sarafu bapa inayong'aa huipigi kwa hema. Niliegemeza kipande cha kioo cha dirisha kwa mshazari wa digrii 45 kati ya lenzi na sarafu, taa nikaipiga kutoka ubavuni. Kioo kiliiangusha nuru wima juu ya sarafu, na kamera ikatazama kupitia kioo hichohicho. Uwanja wa sarafu ukawa mweupe, sura na herufi zikajichora kwa weusi. Mizani ilisema gramu 30 na nukta, pete ya kuning'inizia ikiwamo. Riale kamili ni gramu 28.07, ya fedha 833 kwa 1,000, kwa hiyo haikuwa na jambo la kutia wasiwasi.

Birika ndilo lililonyamazisha watu. Lilikuwa kubwa kuliko vyote, na kwenye mazungumzo ya simu ndilo lililokuwa likihesabiwa kwanza. Niliinamisha taa moja ikaparuza kitako karibu usawa wa meza, vivuli vikajaa kwenye muhuri uliokuwa umesuguliwa miaka na miaka, na herufi zikatoka moja moja: E, P, N, S. Yaani limepakwa fedha kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli ambao Waingereza huuita fedha ya nikeli ingawa hauna hata chembe ya fedha. Ufundi huo ulipewa hataza Birmingham mwaka 1840, ndiyo kusema birika halitangulii hapo. Bi Mkubwa aliitazama picha kwenye kompyuta, akauliza, "Sasa hili nani atalitaka?"

Jumla zilipatikana picha 68. Nilizituma kwa kiungo cha kupakua, si kwa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp hubana picha na michoro myembamba hugeuka matope. Kila picha ilikuwa na namba, uzito na maelezo ya mstari mmoja. Pale tusipojua mwaka hatukubuni. Hilo lina uzito wake kisheria pia: kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale, na hakitoki nje bila kibali. Kaka alikuwa na mpango wa kutia fungu lake kwenye begi la dada mmoja aliyekuwa akisafiri. Nilimwandikia hilo kwenye barua ya picha, kwa adabu, na kwamba mafurungu, hirizi na mrashi vingetazamwa kwanza na watu wa makumbusho.

Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu asubuhi Bi Mkubwa alinipigia, akaniwekea sauti ya kaka yake niisikie. Haikutaja gramu, wala hirizi, wala sheria. Alikuwa anazungumzia picha namba 6, ile ya mstari unaojikunja. Alisema bonyeo lile ni lake. Alikuwa na umri wa miaka saba, kulikuwa na maulidi nyumbani, alipewa mrashi anyunyizie wageni, akateleza ngazini. Mama yao alimficha baba yao jambo hilo mpaka alipofariki. Kisha akasema, "Dada, niwie radhi kwa yale niliyosema," na sauti ikakatika, sijui ni yeye au ni mtandao.

Mrashi ni wa kaka sasa, ila bado uko Mombasa, karatasi zake zinashughulikiwa. Birika halikuombwa na yeyote. Bi Mkubwa alilichukua mwenyewe, na wiki iliyopita nilipopeleka picha zilizochapwa alinimiminia chai ya tangawizi kutoka humo. Kwenye ubavu wake, kabla halijawekwa mezani, niliiona sebule nzima: kanga ukutani, dirisha wazi, na ukuta wa jirani, manjano.